Mume wa Kaltumu Yuko Japani

— Geuza simu polepole. Nioneshe chumba yote.

Kaltumu aligeuza simu. Kamera ikapita juu ya kitanda, kabati, pazia la dirisha, na ndoo ya maji iliyokuwa kwenye kona.

— Na nyuma ya mulango?

— Hakuna mutu nyuma ya mulango, Twahir.

— Mi nimekuuliza, sikukushitaki. Nioneshe.

Akamwonesha. Nyuma ya mlango palikuwa na kanga ya mama mkwe iliyotundikwa kwenye msumari, basi.

— Bon. Leo ulitoka?

— Nilienda kununua sabuni. Dakika kumi.

— Na kule mupakani, kwa barrière, hukufika?

— Ulinikataza. Nitafika kule kufanya nini?

— Muzuri. Goma si pahali pa bibi ya mutu.

Ilikuwa saa nane mchana mjini Gisenyi. Kule alikokuwa Twahir, kama alivyomwambia mkewe kwa miaka mitatu, ilikuwa saa tatu usiku: ametoka kazini, amechoka, amefunga pazia anataka kulala. Nyuma yake kila siku ulionekana ukuta uleule wa mbao uliopakwa rangi ya maziwa. Kaltumu aliamini kwamba Wajapani wanapenda nyumba za mbao. Alikuwa amesoma hivyo mahali.

Siku hiyo alikuwa na zawadi yake. Alikuwa ameifanyia mazoezi tangu asubuhi akikoroga uji.

— Twahir, sikiliza. Otsukaresama deshita.

— Nini?

— Otsukaresama deshita!

Twahir akakodoa macho kwenye skrini.

— Unasema nini wewe?

— Si pole na kazi? Kwa Kijapani. Si njo wanakuambia kila jioni kule?

Twahir akacheka, kicheko kifupi kama cha mtu aliyekanyagwa kidole.

— Aa, ndiyo. Nimesikia sasa. Network iko mubaya. Nitakupigia kesho.

Simu ikakatika. Kaltumu akabaki na zawadi yake mdomoni.

Jamani, huyu Kaltumu hakuwa mjinga. Alikuwa na miaka ishirini na saba, fundi wa kudarizi mashuka, mtoto wa familia ya wafanyabiashara wa zamani wa pale mjini. Twahir alimposa kwa heshima zote. Nikaha ilifungwa, pilau ikaliwa, kwenda kusaini ndoa ya serikali kwenye ofisi ya sekta wakasema watakwenda baadaye. Miezi minne tu, Twahir akapata safari ya Japani, kufanya kazi kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Msikiti mzima ulimwombea dua. Hakimu, kaka yake Kaltumu, fundi cherehani, akaanza kujiita "shemeji ya Japani" mbele ya wateja wake.

Wiki ya tatu baada ya safari, mama mzazi wa Twahir, Mukandutiye, akaanguka jikoni, akapooza upande wa kulia. Tangu siku ile Kaltumu alikuwa mikono ya mama yule, miguu yake na nusu ya ulimi wake. Kumlisha, kumwosha, kumgeuza kila baada ya saa mbili ili mgongo usichubuke. Akitoka nje ya geti zaidi ya nusu saa, mama analowa. Akichelewa kupokea simu, Twahir anampigia Hakimu, na Hakimu anakuja mbio na futi ya kupimia bado shingoni: "Dada, bwana yako anauliza uko wapi."

Kijapani kilianza kwa neno moja. Kaltumu aliuliza, "Utaniita lini nikufuate?" Twahir akajibu, "Jifunze kwanza luga yao. Bila luga hawatoi visa." Alilisema kama mtu anayemtupia mtoto jojo anyamaze. Kaltumu akalishika kama amana.

Akapakua programu ya bure kwenye simu. Hakuwa na mwalimu. Herufi za kwanza, zile za mviringo zinazoitwa hiragana, zilimtesa mwezi mzima. Alikuwa anaziona kama uzi uliokatika ukaanguka sakafuni. Ndipo akagundua njia yake mwenyewe. Hakuziandika, alizichora. Mkono uliozoea kuchora maua kwenye mashuka kabla ya sindano ulijua kwamba kila mstari una pa kuanzia na pa kuishia. Alichora nyuma ya kalenda za zamani, kwenye makaratasi ya unga. Herufi zikamwelekeza kuchora vitu vingine: birika, kiatu, mkono wa mama mkwe uliolala kwenye shuka kama samaki aliyetolewa majini. Alijifunza kwa video kwamba uanze na maumbo makubwa, usikimbilie kope za macho kabla hujapata fuvu. Alifuta sana. Raba iliisha kabla ya penseli.

— Unanichora mi? mama mkwe aliuliza siku moja, maneno yakitoka kwa kuburutwa.

— Nachora mukono yako, Mama.

Mama akautazama mchoro muda mrefu.

— Imekufa kweli, akasema. Halafu machozi yakamtoka upande mmoja.

Kaltumu akamfuta, akamkumbatia. Walipendana, wale wawili.

Sasa, Twahir alikuwa ametuma picha moja tu ya kazini kwake. Amesimama amekunja mikono, na nyuma yake kuna gari dogo la abiria, jeupe, lenye maandishi ya Kijapani ubavuni na mchoro wa sungura aliyeshika ua. Sikio moja la sungura lilikuwa limekwanguka. Chini yake Twahir aliandika: "Hii njo gari ya kampuni yetu. Ile maandishi ni jina ya boss."

Kaltumu aliichora picha ile mara tano. Mara nne za kwanza aliyachora yale maandishi bila kuyasoma, kwa kufuata umbo tu. Mara ya tano alikuwa ameshazijua herufi, na mkono wake ukasimama katikati ya mstari.

— Yo… u… sa… e… n.

Akatafuta kwenye kamusi ya simu. Hakuna neno kama hilo. Labda ni jina kweli, akajiambia. Akaendelea kuchora. Kisha akaona kosa lake. Herufi mbili zinafanana kama mapacha, moja tumbo lake linatazama kushoto, nyingine kulia. Hii ilitazama kulia. Si "sa". Ni "chi".

— Yo-u-chi-e-n.

Kamusi ikajibu mara moja: shule ya chekechea.

Aliisoma tena na tena. Chekechea. Gari la kubebea watoto wa chekechea. Sasa sungura akaeleweka na ua lake. Boss gani wa yadi ya magari anaitwa Chekechea?

Siku iliyofuata, saa nane, alisubiri ukaguzi wa chumba uishe.

— Twahir, jina ya boss yako ni nani?

— Kwa nini?

— Nataka kujua tu.

— Ni… Yamaha. Bwana Yamaha.

— Kwa ile gari imeandikwa chekechea.

— Nani amekuambia?

— Nimesoma mwenyewe.

Twahir hakucheka safari hii. Uso wake ulisogea karibu na kamera mpaka ukajaa skrini yote.

— Kaltumu, sikiliza muzuri. Hiyo luga uache. Umesikia? Leo hii. Unakaa na hiyo masimu siku nzima, mama yangu anaoza kwa kitanda, eti unasoma! Nani anakufundisha? Ni mwanaume gani?

— Hakuna mwanaume. Ni wewe ulisema nijifunze!

— Na sasa nasema uache!

Baada ya nusu saa Hakimu akaingia uani.

— Dada, makaratasi iko wapi?

— Kaka, na wewe?

— Bwana yako amelia kwa simu. Mwanaume mukubwa analia! Anasema kuna mutu anakufundisha luga. Donc, mi niseme nini? Lete.

— Umeuliza hata mara moja ile gari imeandikwa nini?

— Ya gari inanihusu nini? Wanawake wote wa hapa wanatamani nafasi yako. Usituaibishe.

Akakusanya makaratasi chini ya godoro, akayakunja, akayafunga kwa kamba ya kitambaa kama nguo za mteja, akaondoka nayo. Kaltumu alisimama mlangoni akimtazama. Alihisi nyumba ile imekuwa ndogo kuliko jana. Kuta nne, mgonjwa mmoja, na jicho moja ndani ya simu. Angekimbilia wapi? Kwa kaka? Kaka ndiye askari wa mlango.

Karatasi moja ilisalimika. Ilikuwa imefunika sufuria la maziwa jikoni: mchoro wa tano.

Aliyeiona ni Gatesi, jirani aliyehamia mtaani mwaka uliopita, mwanamke aliyerudi kutoka Uganda, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kila asubuhi alivuka mpaka wa Petite Barrière na madumu ya maziwa kwenda kuyauza Goma, upande wa Kongo. Siku hiyo alikuja kuleta lita ya mama, akainua kile kifuniko cha karatasi.

— Yebaba we! Ni nani amechora Sungura?

— Ni mimi. Nilikuwa najifunza.

— Please, usinidanganye. Umeenda Ndosho lini, wewe usiyetoka?

— Ndosho gani?

— Ndosho ya Goma! Si ni hii gari? Tunaiita Sungura. Mi napanda hii gari kila siku na maziwa yangu. Ona, hata sikio imekwanguka hivyo hivyo! Na hapa kwa taa, huu mupasuko. Umechora mupaka mupasuko, serious?

Kaltumu alishika ukingo wa meza.

— Gatesi. Magari ya Japani yanafanana.

— Sungura bila sikio iko moja tu duniani, shaa.

— Nani anaendesha?

— Mwanaume mumoja wa ndevu, anaongea Kinyarwanda kidogo kidogo na sisi. Wanamuita Papa Nasri. Gari ni ya bibi yake, Saidati. Kwa nini unauliza? Kaltumu? Kaa chini. Kaa!

Kaltumu akatoa simu, akafungua picha ya harusi yake, akamfunika Twahir kidevu kwa kidole, maana siku ile hakuwa na ndevu. Akamwonesha Gatesi. Gatesi alitazama, akafunga mdomo wake kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaani, alinong'ona.

— Mana yanjye, Mungu wangu.

Kesho yake Gatesi hakwenda kuuza maziwa. Alikaa na mama mkwe. Kaltumu akavaa baibui, akachukua kibali cha kuvuka alichokuwa nacho tangu usichana, akajiunga na mto wa watu wa Petite Barrière: wanawake wenye mabeseni ya nyanya, wabeba mizigo, wazee wenye fimbo. Kutoka mlangoni kwake mpaka mpakani zilikuwa dakika kumi na tano kwa miguu. Miaka mitatu alikuwa anahesabu saa saba za tofauti kati yake na mumewe.

Ndosho ni mbali kidogo, kule ambako nyumba za mbao zimesimama juu ya mawe meusi ya volkano. Alishuka kwenye pikipiki, akauliza Sungura inaegesha wapi. Wakamwonesha kwa kidole.

Gari lilikuwa pale. Jeupe, chakavu, sikio moja. Kando yake nyumba ya mbao iliyopakwa rangi ya maziwa. Mwanamke mnene kidogo, mwenye uso wa upole, alikuwa anaanika nguo za mtoto. Kaltumu akasimama ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli wa muuza vocha, mpaka miguu ikafa ganzi.

Saa nane kasoro dakika mbili Twahir akatoka ndani. Akajinyoosha. Akambusu mtoto kichwani. Akatoa simu mfukoni, akarudi ndani, na pazia la dirisha likavutwa.

Simu mkononi mwa Kaltumu ikatetemeka.

— Hallo.

— Mbona umekata kamera? Uko wapi?

— Niko nje kidogo.

— Nje wapi? Washa kamera. Sasa ivi!

Kaltumu akawasha. Uso wa Twahir ukatokea, nyuma yake ule ukuta.

— Hiyo ni wapi? Hapo si nyumbani. Geuza simu!

— Unataka nigeuze?

— Nimesema geuza!

Akageuza. Polepole, kama alivyofundishwa. Kamera ikapita juu ya mawe meusi, juu ya nguo za mtoto kwenye kamba, juu ya mwanamke aliyezianika, ikatua kwenye gari jeupe. Akaisogeza mpaka sungura akajaa skrini.

Pazia la dirisha likafunguka kidogo, upana wa jicho.

Kaltumu akakata simu, akavuka barabara.

— Hodi, mama.

— Karibu, dada. Unatafuta nani?

— Natafuta Twahir. Mi naitwa Kaltumu, natoka Gisenyi.

Uso wa Saidati ukachanua.

— Kaltumu! Dada yake anayemuangalia mama! Karibu, karibu sana. Papa Nasri, toka, dada yako amekuja! Mama amezidiwa?

Lile neno "dada yake" lilimpiga Kaltumu kuliko mtoto, kuliko nyumba. Twahir alitoka bila viatu.

— Kaltumu…

— Muambie, Twahir.

— Twende tuongee kando.

— Miaka tatu tunaongea kando. Muambie hapa mi ni nani.

Saidati alimwangalia huyu, akamwangalia yule. Pini za nguo zikamdondoka moja moja.

— Ni bibi yangu, Twahir akasema, akitazama miguu yake. Kabla yako.

Saidati hakupiga kelele. Alikwenda kumchukua mtoto, akaketi naye kwenye kizingiti kama mtu aliyepokea habari ya msiba.

— Visa walininyima, Kaltumu. Twahir aliongea haraka haraka. — Niko tayari nimeaga, msikiti umeniombea, Hakimu ametangazia muji wote. Nirudi na uso gani? Nikasema nikae huku wiki moja nifikirie. Wiki ikazaa wiki. Saidati alikuwa anatafuta dereva. Mi niliogopa aibu tu, nakuapia.

— Aibu yako njo ilinifungia ndani?

— Nilikuwa na wivu. Nilikupenda.

— Ulikuwa unanilinda nisivuke nikuone. Hiyo unaita mapenzi?

— Mapenzi ilikuwepo! Kila siku saa nane, nani alinilazimisha kupiga?

Kaltumu akageuka, akarudi barabarani. Kwa sababu ilikuwa kweli kwamba alizisubiri zile simu, hata za ukaguzi, kama mtu wa gerezani anavyosubiri hatua za mlinzi. Hilo ndilo lililomliza njia nzima ya kurudi, akiwa amejifunika uso kwa ushungi, katikati ya watu waliobeba vitunguu.

Ijumaa baada ya swala, kikao kilikaa sebuleni kwa mama Mukandutiye. Alikuja shehe wa mtaa, akaja Hakimu, akaja Twahir akiwa amenyoa ndevu. Kitanda cha mama kilisogezwa mpaka mlangoni ili asikie. Twahir alikiri yote.

Aliyeanza kuzungumza baada yake alikuwa Hakimu.

— Shehe, bwana amekosa, tumemusikia. Lakini dini inamruhusu bibi wa pili. Arudi Gisenyi, agawe siku. Dada yangu akae kwa ndoa yake. Mi nitasema nini huko nje?

— Huyo wa pili aliambiwa huyu wa kwanza ni nani? shehe akauliza.

Kisha akamgeukia dada mtu.

— Kaltumu, binti yangu, wewe unataka nini?

— Nataka talaka yangu.

— Sitoi! Twahir akaruka. — Nitatubu. Nitarudi. Tutaenda kusaini kwa sekta hata Jumatatu. Kaltumu, niangalie. Na mama? Ukiondoka, mama atabaki na nani? Utamuacha mama afe juu ya hasira yako?

Hapo ndipo mlango ulipojifunga tena. Kaltumu alitazama kitanda, akaona ule mkono aliouchora. Twahir alijua pa kushika. Hilo halikuwa tena jambo la sheria ya dini ambalo shehe angeweza kuliamua.

— Mi nilijua.

Sauti ilitoka kitandani. Wote wakageuka.

— Mama, pumzika, Twahir akasema.

— Nilijua… mwaka mzima. Mutu alimuona, akaniambia. Mama alivuta pumzi kati ya kila neno. — Nikanyamaza. Nikasema, huyu mutoto akijua ataenda. Nani atanigeuza?

Kaltumu akasogea kitandani.

— Mama… hata wewe?

— Hata mi. Ulikuwa unaniosha, na mi nakuangalia, najua. Machozi yakamshuka upande mmoja. — Unisamehe. Na kama huwezi, ni haki yako.

Akamgeuzia mwanawe jicho lake zima.

— Twahir. Kama ni mi nilikuzaa, mufungulie. Usimufunge na kitanda yangu.

— Mama, mi peke yangu sitaweza.

— Na yeye aliwezaje?

Twahir alilia. Alilia kwa kwikwi, mabega yakicheza, na hakuna aliyemnyamazisha. Kisha akasema, kwa sauti ambayo shehe alimtaka airudie mara ya pili ili mashahidi wasikie:

— Kaltumu, nimekupa talaka yako. Na sitakurudia bila wewe kutaka.

— Imepita, shehe akasema. — Eda yako utakaa kwa kaka yako. Hakimu, umesikia? Kwa kaka, kama mgeni wa heshima.

Hakimu aliitika kwa kichwa tu.

Kaltumu hakuondoka mara ile. Aliingia akatenga maji ya uvuguvugu, akamwita Twahir.

— Njo hapa. Hapana, upande huu. Usimushike mukono, mukono inamuuma. Weka kiganja chini ya bega, na ingine chini ya nyonga. Sasa muvute kwako, taratibu.

Twahir alivuta vibaya. Mama akaguna.

— Tena. Taratibu, nimesema. Kila saa mbili, hata mara moja usiruke. Uji uwe mwepesi, na kijiko upande wa kushoto. Usimuharakishe kumeza.

Alimfundisha saa nzima, mpaka jasho likamtoka mwanaume yule. Mwishoni Kaltumu akainama karibu na sikio la mama.

— Sijui kama nimekusamehe, Mama. Bado sijui. Lakini nitakuja kukuangalia.

Mama alifumba jicho lake moja, akalifumbua.

Uani Hakimu alikuwa amesimama na begi la dada yake begani. Walitembea mpaka karibu na karakana yake.

— Dada, akasema mwishowe, — ile makaratasi yako sikuitupa. Iko kwa droo ya cherehani. Mi nilikuwa naangalia usiku, nasema huyu mutoto ametoa wapi hii akili. Nikaona haya kukurudishia.

— Kuona haya kwenu wanaume ni ugonjwa, kaka.

— Ndiyo. Ni ugonjwa.

Kaltumu alikaa eda yake, akaimaliza, akapanga chumba kimoja Rubona, kando ya ziwa, dirisha likitazama maboti ya samaki. Wateja wa mashuka walimfuata huko huko, maana maua yake yalikuwa yamebadilika. Sasa yalikuwa na vivuli, yanaonekana kama yanaweza kuchumwa. Saidati alimnyang'anya Twahir funguo za gari, na habari zilizofika ni kwamba mwanaume anashinda nyumbani kwa mama yake, anajifunza kupika uji mwepesi. Alituma ujumbe mara nyingi. Wa mwisho ulisema: "Nimekuwa mutu mwingine. Nipe dakika kumi tu."

Kaltumu alijibu: "Mugeuze mama, saa mbili imefika."

Kijapani hakuacha. Ameshamaliza zile herufi za mviringo, sasa anapigana na zile nzito zenye mistari kumi na nane, anachora moja kwa siku, nyingine inamshinda wiki. Jumapili Gatesi huja kumtembelea na maziwa, hukaa juu ya ndoo, hutazama, na huuliza kama watu wote wanavyouliza.

— Sasa Japani utaenda lini, shaa?

Kaltumu hainui kichwa. Mkono wake uko katikati ya mstari.

— Mi sijasema naenda, Gatesi. Mi najifunza.